Futi Thelathini, Kutoka Kilwa hadi Lamu

Familia inayotaka kununua chombo cha matanga kilichokwisha kutumika ili isafiri nacho katika pwani ya Afrika Mashariki hukabiliwa mapema na swali la ukubwa, na mara nyingi hulijibu kwa kuhesabu vitanda, ilhali idadi ya vitanda ni kipimo kinachostahili kuangaliwa mwisho. Makala haya yanafuata njia ya bahari kutoka Kilwa hadi Lamu, ambayo vyombo vya biashara vimeipita kwa karne nyingi, na yanachunguza katika kila kituo maji, upepo na ufuo vinadai nini kwa chombo kitakachobeba watu wazima wawili na watoto watatu. Hoja ya mwandishi ni kwamba ukubwa unaofaa hujulikana kwa kuuliza ni kazi gani mtu mzima mmoja anaweza kuikamilisha peke yake juu ya sitaha, wakati mwenzake yuko chini akimshika mtoto anayetapika, au amelala baada ya zamu ya usiku. Na kwamba swali hilo, likiulizwa kwa dhati katika pwani hii, huleta jibu lililo karibu na futi 30, yaani mita 9 hivi, na si futi 40 au 45 ambazo familia nyingi huanza kwa kuziota.

Chombo kinachozungumziwa hapa ni yoti, yaani chombo cha matanga cha safari za mapumziko, chenye sitaha iliyofungwa, chumba cha kuishi chini yake, na mkuku mzito wa chuma au risasi unaofanya kazi ileile ya farumi, ambayo ni mawe au mchanga unaopakiwa chini kabisa ya jahazi lisilo na shehena ili lisipinduke. Yoti nyingi zilizoko sokoni ni za faiba, kwa kuwa tangu miaka ya 1960 viwanda vya Ulaya, Marekani na kwingineko vilizitoa kwa kalibu, moja baada ya nyingine kwa umbo lilelile, na faiba ya zama zile iliwekwa nene kiasi kwamba vyombo vya miaka 40 au 50 bado vinaelea vikiwa imara. Hufika pwani ya Afrika Mashariki mikononi mwa wasafiri wanaovuka kutoka Shelisheli, Madagaska au Afrika Kusini, na baadhi yake huishia kuuzwa Kilifi, Mtwapa, Tanga au Dar es Salaam, kwa sababu mwenyewe amezeeka, ameugua, au fedha za kuendelea na safari zimemwishia. Mashua na majahazi ya mbao yana soko lake na mafundi wake, na yatatajwa mahali yanapotoa mwanga juu ya jambo hili.

Safari inayoanzia Kilwa Kisiwani humkabili msafiri kwanza na suala la kina cha maji. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Tanzania na Kenya hukaribia mita 4 wakati wa bamvua, yaani zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo mvuto wa jua na wa mwezi huungana, na hushuka hadi kiasi cha mita 1 wakati wa maji mafu. Bandari ya Kilwa yenyewe ni pana na yenye kina, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizouwezesha mji ule kuishika biashara ya dhahabu ya Sofala. Lakini msafiri anayetaka kufika Songo Mnara, kisiwa cha upande wa kusini ambacho magofu yake yaliorodheshwa pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, hana budi kupita kati ya mikoko na mafungu ya mchanga ambako chombo kisichoangalia saa hupwelewa, yaani hubaki kimekaa juu ya mchanga mpaka maji yarudi. Jahazi likipwelewa huegemezwa kwa magadi, ambayo ni miti inayosimikwa ubavuni ili lisilale upande, na mabaharia wake huendelea kupika chai. Yoti yenye mkuku mmoja mrefu na mwembamba hulala ubavu, kila kitu ndani huporomoka, na maji yanaporudi huweza kuingia kabla chombo hakijainuka. Tena mzamo wake, yaani kipimo cha kutoka usawa wa maji hadi ncha ya chini ya mkuku, huongezeka kwa kawaida kadiri chombo kinavyorefuka, hata yoti ya futi 40 hadi 45 ikawa na mzamo wa karibu mita 2, wakati ile ya futi 30 huridhika na kati ya mita 1.2 na 1.6.

Waingereza, ambao hori zao nyingi hukauka maji yakipwa, walilitatua tatizo hili kwa kuunda yoti zenye mikuku miwili mifupi, kushoto na kulia, ambazo hukaa wima juu ya mchanga bila gadi yoyote. Iliyoenea kuliko nyingi ni Westerly Centaur ya futi 26, iliyobuniwa na ofisi ya Laurent Giles na kuanza kutolewa mwaka 1969, ambayo zaidi ya 2,000 ziliundwa. Mzamo wake ni sentimita 90 tu na uzito wake ni tani 3 hivi. Chombo cha namna hii hakiendi joshi vizuri, yaani hakiwezi kuukaribia upepo kama kile chenye mkuku mmoja mrefu, na kasoro hiyo itaonekana baadaye katika safari. Lakini kwa familia yenye watoto wadogo, uwezo wa kukiacha chombo kikae juu ya fungu la mchanga kwa saa kadhaa, watoto wakashuka kwa ngazi na kucheza kandokando ya mkuku, ni neema ambayo hakuna urefu wa sitaha unaoweza kuilipa. Katika pwani hii mzamo mdogo umewahi kuamua hata mambo ya vita. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha ndani ya delta ya Rufiji, haikuweza kufikiwa na manowari kubwa za Waingereza zilizoizuia kwa nje, mpaka zilipoletwa Severn na Mersey, meli mbili zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya mito kwa oda ya Brazil, nazo ndizo zilizoimaliza mwezi Julai 1915.

Kati ya delta hiyo na kisiwa cha Mafia, ambako maji ni ya kina kifupi na yenye mafungu, na kisha katika mlango wa mwamba unaoingia ghuba ya Chole, ambako mkondo hukimbia kwa nguvu kila maji yanapojaa na kupwa, mnunuzi hushawishika kufikiri kwamba chombo kirefu kitamsaidia kwa kasi. Fikra hiyo ina ukweli, lakini ni ukweli mdogo kuliko unavyodhaniwa. Chombo chenye mkuku mzito kinapokwenda hujitengenezea wimbi, na kasi yake inapofikia kiwango ambacho wimbi hilo lina urefu sawa na wa chombo, hubaki kimenaswa kati ya vilele viwili na hakiwezi kuendelea zaidi bila nguvu nyingi mno. Ndiyo maana wajenzi hukadiria kasi ya mwisho, kwa maili za baharini kwa saa, kwa kuzidisha kipeuo cha pili cha urefu wa chombo katika usawa wa maji, kwa mita, mara 2.43. Yoti ya futi 30 yenye mita 7.5 katika usawa wa maji hupata 6.7, na ya futi 40 yenye mita 10.5 hupata 7.9. Tofauti hiyo ya maili moja na kidogo hupatikana kwa chombo ambacho ujazo wake, kikikuzwa kwa uwiano uleule, ni mara 2.4 ya kile kidogo, kwa kuwa ujazo hukua kwa urefu, upana na kina kwa pamoja, na uzito, bei na matengenezo huufuata ujazo kuliko urefu. Mnunuzi anayelinganisha futi 30 na futi 40 hudhani anaongeza theluthi moja, kumbe anakaribia kununua vyombo viwili na nusu.

Kutoka Dar es Salaam hadi mji wa Zanzibar ni maili 40 za baharini kwa makadirio, safari ya kutwa moja inayoanza alfajiri na kumalizika alasiri, na hapo mbele ya Mji Mkongwe ndipo swali la mtu mmoja peke yake linapojibiwa kwa mizani. Yoti haifungwi gatini pale, bali hutia nanga. Na msafiri akitia nanga penye mita 8 wakati maji yamepwa, hana budi kuhesabu kwamba usiku wa bamvua yatakuwa mita 12, na kwa kuwa mnyororo hupaswa kuwa angalau mara 4 ya kina ili nanga ivutwe kwa mlalo na kujichimbia badala ya kunyanyuliwa, atatoa karibu mita 48. Yoti ya futi 30 hutosheka na nanga ya kilo 10 au 12 na mnyororo wa milimita 8, ambao kila mita yake ina uzito wa kilo 1.4, hivyo nanga inapong'oka chini, mvutaji amebeba mita 12 za mnyororo na nanga yenyewe, jumla ya kilo 28 hivi. Yoti ya futi 40 inahitaji nanga ya kilo 20 na mnyororo wa milimita 10 wenye kilo 2.3 kwa mita, na mzigo wa wakati uleule hufika kilo 48, mbali na nguvu ya upepo unaokisukuma nyuma chombo kipana zaidi na kirefu zaidi. Kilo 28 ni mzigo ambao mama au baba mwenye afya ya kawaida huumudu kwa mikono, akipumzika kila baada ya mvuto. Kilo 48, usiku, mvua ikinyesha, nanga ikiburuta na mwamba ukiwa nyuma, ni kazi ya mashine. Na mashine ya kukunjia mnyororo, hata ikiwa nzuri, inakula betri, inaliwa na chumvi, na ina tabia ya kugoma katika saa ambayo inahitajika kuliko zote. Mwandishi analiweka jambo hili mbele ya mengine kwa sababu familia zinazosafiri pwani hulala juu ya nanga karibu kila usiku, na usingizi wa watoto, na hatimaye hamu yao ya kuendelea na safari, hutegemea wazazi ambao hawaiogopi nanga yao wenyewe.

Hesabu ya matanga ni ya namna hiyohiyo, ila inaumiza haraka zaidi. Mafundi wa matanga hukadiria mvuto wa kamba ya tanga la mbele kwa kuangalia eneo la tanga na mraba wa kasi ya upepo, na kwa hesabu hiyo tanga la mita za mraba 28, ambalo ni la kawaida kwa futi 30, huvuta kwa nguvu ya kilo 235 hivi katika upepo wa maili 20 kwa saa, wakati la mita za mraba 45 la futi 40 huvuta kwa kilo 380. Kwa kuwa ni mraba wa kasi unaohesabiwa, upepo ukiongezeka mara mbili nguvu huongezeka mara nne, na kusi la Julai, yaani upepo wa kusini, haliombi ruhusa kabla ya kuongezeka. Winchi, ambayo ni pipa dogo la chuma linalozungushwa kwa mpini ili kuikaza kamba, huwezesha mkono wa mtu kuushika mvuto huo, lakini kamba iliyoponyoka, au kidole kilichonaswa kati ya kamba na pipa, hakisamehewi na winchi yoyote. Katika futi 30 kijana wa miaka 12 anaweza kufundishwa kushika kamba ile na kuifanya kazi ya kweli. Katika futi 40 huambiwa akae mbali, na mtoto anayeambiwa akae mbali kila siku hubaki abiria katika chombo cha wazazi wake.

Zanzibar ikiachwa nyuma na rasi ya Nungwi ikipitwa, bahari hubadilika kabisa. Unguja imekaa juu ya maji ya kina kifupi yanayoiunganisha na bara, lakini Pemba imetenganishwa na bara kwa mlango wa bahari ambao kina chake ni mamia ya mita, na ndani yake hupita mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki, unaokwenda kaskazini mwaka mzima na ambao wakati wa kusi huweza kufikia maili 4 kwa saa. Maji hayo yakikutana na upepo wa kinyume huinua mawimbi mafupi yenye ncha, na chombo kidogo kilichojazwa mizigo hupigwa vibaya. Hapa ndipo hoja ya kupunguza ukubwa inapofikia mpaka wake, na ni lazima mpaka huo usemwe waziwazi, kwa sababu wapo wapenzi wa vyombo vidogo wanaosahau kuhesabu watu. Familia ya watu watano ina uzito wa kilo 250 hivi. Maji ya kunywa na kupikia, kwa lita 4 kila mtu kwa siku, hufika lita 160 kwa siku 8. Chakula kilo 100, dizeli kilo 60, nanga mbili na minyororo kilo 100, na mashua ndogo ya kushukia ufuoni pamoja na zana, vitabu na nguo kilo 200. Jumla ni kilo 870. Kwa Centaur ya tani 3 mzigo huo ni karibu asilimia 30 ya uzito wake, nayo huzama chini ya mstari uliokusudiwa na mjenzi, huwa nzito kuinuka juu ya wimbi, na usukani wake huchelewa kuitika. Kwa yoti kama Catalina 30, ambayo ni ya Marekani na ina uzito wa tani 4.6, mzigo uleule hauzidi asilimia 19. Kwa hiyo futi 26 hufaa familia inayokwenda kisiwa cha karibu kama Chumbe kwa siku mbili tatu na kurudi, na watu wawili wenye mtoto mmoja wanaweza kwenda nayo mbali. Familia ya watu watano inayokusudia Pemba na kupita zaidi ya hapo ina haki ya kudai futi 30 hadi 33.

Mifano mashuhuri hutumiwa vibaya katika mjadala huu, na pande zote mbili zina hatia. Wapenzi wa vyombo vidogo humtaja Eric Hiscock na mkewe Susan, Waingereza waliozunguka dunia kati ya mwaka 1952 na 1955 kwa Wanderer III ya futi 30, au Lin na Larry Pardey na Seraffyn yao ya futi 24 isiyokuwa na injini. Lakini hao walikuwa watu wawili wazima bila watoto, na chumba kinachowatosha wawili hakisemi lolote juu ya wasichana wawili wanaogombania kitanda siku ya mvua. Wapenzi wa vyombo vikubwa hudai usalama, ilhali Lucette ya familia ya Robertson, jahazi la Kizungu la milingoti miwili lenye futi 43, lilizamishwa na nyangumi wauaji magharibi ya visiwa vya Galápagos mwezi Juni 1972, na wazazi wale, watoto wao watatu na kijana mmoja mgeni waliokolewa baada ya siku 38 wakiwa ndani ya mashua ndogo ya faiba. Ni kweli kwamba chombo kikubwa hakipinduliwi upesi na wimbi, na hakuna mtaalamu anayelikana hilo. Lakini katika pwani ambayo bandari inayofuata haiko mbali, na ambayo haifikiwi na vimbunga ila kwa nadra, kama kile cha 1872 kilichoiangamiza mikarafuu ya Unguja, hatari zinazoisubiri familia ni mwamba, nanga inayoburuta, na mtu kuanguka majini, na zote tatu hupungua chombo kinapokuwa chepesi kukigeuza na kukisimamisha.

Vitanda sasa vinaweza kuangaliwa. Watengenezaji huhesabu kila mahali ambapo mtu anaweza kujinyoosha, pamoja na viti vya sebule na meza inayoshushwa kuwa kitanda, hivyo yoti iliyoandikwa kuwa ya watu 6 ina vitanda 3 au 4 vinavyolalika chombo kikiwa safarini. Kitanda cha safari ni kile kilicho katikati au nyuma, ambako mrusho ni mdogo, chenye kitambaa imara kilichofungwa ubavuni ili mtoto asidondoke chombo kinapolala. Chumba cha omo, yaani cha mbele, ambacho katika picha za mauzo hupambwa kwa mito mizuri, hurushwa mno wakati wa kusi na hulalika bandarini tu. Katika joto la pwani, jambo la maana kuliko chumba cha ziada ni madirisha ya sitaha yanayofunguka na turubai pana juu ya sehemu ya usukani, kwa kuwa watoto watakula, watasoma na mara nyingi watalala hapo nje. Sehemu hiyo iwe na kuta za kufika kifuani mwa mtoto aliyekaa.

Mombasa hupitwa upesi na familia nyingi kwa sababu ya meli kubwa za Kilindini, nazo huendelea hadi hori za Mtwapa na Kilifi, ambako yoti hutia nanga katika maji matulivu kati ya kuta za matumbawe ya kale, na ambako matangazo ya mauzo husikika mdomoni kuliko yanavyosomwa. Ni hapa mnunuzi anapoweza kukuta yoti ya futi 42 ikiuzwa kwa bei isiyozidi sana ile ya futi 30, na mwandishi angependa kila familia ijue sababu yake kabla ya kufurahi. Bei ya chombo chakavu hushuka kwa umri, lakini gharama za kukitunza hazishuki, kwa kuwa matanga mapya, nyaya za mlingoti ambazo wakaguzi wengi hushauri zibadilishwe kila baada ya miaka 10 hadi 15, na rangi ya kuzuia viumbe vya baharini kuota chini ya chombo, vyote hununuliwa kwa bei ya leo na kwa kipimo cha chombo chenyewe. Eneo la chini la kupakwa rangi katika futi 40 ni karibu mara 1.8 ya lile la futi 30, na vipuri vingi huagizwa kutoka nje na kulipiwa ushuru. Fundi wa pwani anayejua mbao, kalafati na matanga ya pembetatu ni hodari kuliko wengi duniani. Lakini nyaya za chuma cha pua na injini ya dizeli ya kigeni humlazimu naye asubiri kifurushi kutoka ng'ambo, na kadiri chombo kilivyo kikubwa ndivyo kifurushi kinavyokuwa kizito. Mwenye chombo anapaswa pia kuonyesha hati ya usajili, mkataba wa mauzo yaliyotangulia, na ushahidi kwamba ushuru wa forodha umelipwa, kwa sababu yoti nyingi za kigeni huingia nchini kwa ruhusa ya muda tu, na kodi isiyolipwa humwangukia mnunuzi.

Katamarani, yaani chombo chenye miili miwili iliyounganishwa kwa sitaha, huonekana pia katika hori hizo, na zilizobuniwa na Mwingereza James Wharram, aliyeivuka Atlantiki kwa katamarani yake ya kwanza katika miaka ya 1950, zinapendwa kwa wepesi wa kuzijenga na kuzitengeneza. Mzamo wake ni mdogo, haziinami, na watoto huzipenda. Wavuvi wa ngalawa, ambao husimamisha gogo jembamba kwa mirengu miwili, hawahitaji kuelezwa kwa nini upana huleta utulivu. Udhaifu wake ni kwamba miili yake myembamba haivumilii mizigo, na kipimo cha futi 30 katika katamarani ya aina hiyo huwapa watu watano nafasi ya kukaa lakini si ya kuhifadhi maji ya siku 8.

Kutoka Kilifi hadi Lamu ni kama maili 100 za baharini, na kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, bila kuhesabu msaada wa mkondo, ni safari ya saa 20, ambayo haikwepi usiku. Malindi hutoa kituo cha njiani, lakini ghuba ya Ungwana, ambako mto Tana humwaga maji ya udongo, ina kina kifupi na mawimbi yanayovunjika mbali na ufuo, kwa hiyo yoti hukaa nje. Usiku huo ndio unaothibitisha kipimo cha mtu mmoja: wazazi hupeana zamu za saa 3 au 4, na yule aliye juu lazima aweze kupunguza tanga, kugeuza chombo na kusoma dira bila kumwamsha mwenzake. Jahazi la Lamu halikuundwa kwa masharti hayo, kwa kuwa foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, huhamishwa kutoka upande mmoja wa mlingoti hadi mwingine kwa mikono ya mabaharia kadhaa kila linapogeuzwa, na ukubwa wake ulipimwa kwa shehena na kwa idadi ya mabaharia waliopatikana. Familia inayovutiwa na mashua ya mbao ya kijiji cha Matondoni kisiwani Lamu, na ni vigumu kutovutiwa, inunue ile ambayo tanga lake watu wawili wanaliweza, na ikubali kwamba deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama unaopakwa chini ili kuzuia wadudu wanaotoboa mbao, ni kazi isiyoahirishwa.

Lamu ikifikiwa kwa kusi, kurudi ndiko kunakotisha. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na katika miezi hiyo kwenda kusini ni kupiga bisha, yaani kwenda kwa mshazari huku na huku dhidi ya upepo, mkondo nao ukirudisha nyuma kila kilichopatikana. Hapa Centaur na mikuku yake miwili huteseka, na hapa yoti ndefu ina faida ya kweli, kwa sababu chombo cha maili 6 kinachopingwa na mkondo wa maili 3 hubakiwa na 3, na cha maili 5 hubakiwa na 2 tu. Manahodha wa zamani hawakuitafuta faida hiyo kwa kurefusha vyombo. Walingoja kaskazi, unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, wakati upepo uko nyuma na mkondo umepungua nguvu. Familia yenye likizo za shule mwezi Desemba inaweza kuwafuata bila taabu, ikapanda kaskazini katika demani, miezi ya mwisho ya kusi iliyo tulivu, ikakiacha chombo Manda au Shela chini ya mlinzi anayeaminika, na ikarudi kukichukua kaskazi ukishatulia.

Mnunuzi aliyekwisha kuchagua chombo ana jaribio moja la kufanya kabla ya kutoa malipo, nalo lifanywe na yule mzazi mwenye nguvu kidogo, mwenzake akiwa amekaa chini na watoto. Ang'oe nanga kwa mikono penye mita 10, atweke tanga kubwa, alipunguze, ageuze chombo mara mbili ndani ya mlango mwembamba, na atie nanga tena chini ya tanga bila injini. Kisha, siku ya bamvua, chombo kipelekwe kwenye mchanga mgumu maji yakiwa juu, na kama kina mkuku mmoja kifungwe penye nguzo imara au kiegemezwe kwa magadi, ili maji yakipwa sehemu yote ya chini ionekane. Fundi agonge faiba na sitaha kwa nyundo ndogo, kwa kuwa mahali palipooza pana sauti butu, atazame vipele vinavyoonyesha maji yamepenya, kutu kwenye maungio ya mkuku, na ulegevu wa usukani. Saa 4 hadi 5 ndizo zilizopo kabla maji hayajarudi, na muuzaji anayekataa chombo chake kionwe kikiwa mkavu asiongezewe hata siku moja ya mazungumzo.